Haki Jinai na Mawasiliano: Kisa cha Krediti 47

Mwanafunzi wa kisa hiki ana miaka 21. Familia yake ni ya Wakongomani waliopitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, wakahamishiwa Marekani yeye akiwa na miaka 15. Alimaliza sekondari huko, akasoma miaka miwili katika chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, kilicho karibu na nyumbani, na sasa amekubaliwa chuo kikuu. Kwenye fomu ya kujiunga ameandika fani kuu mbili: sanaa za mawasiliano na haki jinai. Anataka kazi ya mahakamani, hasa ya afisa wa probesheni anayeshughulika na vijana, na mawasiliano ameyapenda tangu sekondari, hataki kuyaacha. Ni mwanafunzi wa mfano na hesabu zake ni za mfano, lakini kanuni zinazombana ni zile zile zinazowabana wenzake wa kweli.

Transkripti yake, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zake, inaonyesha krediti (vipimo vya uzito wa somo) 60 alizojiandikisha na 53 alizopata. Saba zilizopungua ni masomo mawili aliyoyaacha katikati ya muhula na kuandikiwa W: takwimu yenye krediti 3, na biolojia yenye maabara, krediti 4. Wastani wake wa alama ni 2.7 kati ya 4. Anafanya kazi ya ghala jioni, saa 30 kwa wiki.

Chuo kipya kilipoipitia transkripti hiyo kilipokea krediti 47 tu. Sita za Kiingereza kwa wageni hazikuhesabiwa. Zilimsaidia kusoma masomo mengine, lakini haziingii kwenye shahada, na hili huwashtua wazazi wengi waliodhani kila somo lililolipiwa linasonga mbele. Kati ya hizo 47, krediti 30 zimekaa kwenye masomo ya jumla ambayo kila mwanafunzi lazima asome, 6 kwenye mawasiliano (uhutubiaji na utangulizi wa vyombo vya habari) na 3 kwenye utangulizi wa haki jinai. Nane zilizobaki zimeangukia masomo ya hiari: kompyuta za ofisini, malezi ya watoto wadogo na mazoezi ya viungo.

Kuna jambo lililopotea kabla hata hajahama. Alikuwa karibu sana kumaliza shahada ya awali ya miaka miwili, ambayo huhitaji krediti zipatazo 60. Katika majimbo mengi vyuo vya umma vina makubaliano kwamba anayehama akiwa na shahada hiyo mkononi, masomo yake yote ya jumla yanahesabiwa yamekwisha. Asiyekuwa nayo hupimwa somo kwa somo. Yeye amepimwa somo kwa somo, ndiyo maana anadaiwa bado krediti 13 za jumla: takwimu 3, sayansi yenye maabara 4 na lugha ya kigeni 6. Akishasoma chuo kikuu anaweza kurudisha krediti mpya kule chuo cha jamii ili apewe ile shahada ya awali, na afanye hivyo, kwa kuwa itamfaa kwenye wasifu wa kazi endapo maisha yatamkatiza. Lakini msamaha wa masomo ya jumla kwa kawaida hauji kinyumenyume.

Sasa tupige hesabu ya ombi lake. Shahada ni krediti 120. Fani kuu ya mawasiliano chuoni hapo ni krediti 39, ya haki jinai 39. Anadaiwa 33 za mawasiliano, 36 za haki jinai na 13 za jumla, jumla 82. Chuo kinaruhusu krediti 6 tu zihesabiwe pande zote mbili, kwa mfano mbinu za utafiti na maadili, kwa hiyo zinabaki 76. Kwa krediti 15 kila muhula ni mihula mitano na kiporo, na kiporo hicho kwa mwanafunzi anayefanya kazi huwa muhula wa sita. Hiyo ni fani mbili ndani ya shahada moja. Fomu aliyoijaza ina kisanduku kingine pembeni, cha shahada mbili, na vyuo vingi hudai krediti 30 za ziada juu ya 120 kwa mpango huo. Visanduku viwili vinakaa jirani kwenye ukurasa mmoja, na tofauti yake ni mwaka mzima wa ada.

Mihula sita juu ya minne aliyokwisha kusoma ni kumi. Ruzuku ya Pell, msaada wa masomo usiorudishwa ambao serikali ya shirikisho huwapa wanafunzi wa kipato kidogo, haitamtupa, maana ukomo wake ni sawa na mihula 12 ya kusoma kwa muda wote. Tatizo ni ruzuku za majimbo. Kadhaa hukomea mihula minane, na mwanafunzi hugundua hilo bili ya muhula wa tisa inapofika.

Kabla ya kuamua kupunguza nini, yafaa kuangalia kazi zenyewe zinataka nini, na hapa ndipo wanafunzi wengi wa haki jinai hukosea. Wanaamini shahada ya haki jinai ndiyo ufunguo wa kila mlango wa vyombo vya dola. Sivyo. FBI huwataka maajenti wake wawe na shahada ya miaka minne, na fani yoyote inakubalika, pamoja na uraia, umri usiopungua miaka 23 na uzoefu wa kazi. Idara ya polisi ya New York ilikuwa ikidai krediti 60 za chuo, na mwaka 2025 ikashusha hadi 24. Idara nyingi za miji midogo huridhika na cheti cha sekondari. Vyuo vya sheria navyo havidai fani maalumu. Vinaangalia wastani wa alama na mtihani wa kujiunga, na wastani unaotumika hukusanya alama zote za kabla ya shahada ya kwanza, zile za chuo cha jamii zikiwemo. Anayeota uanasheria asidhani 2.7 yake imefutika kwa sababu chuo kipya kimeanza kumhesabia upya.

Probesheni ni tofauti kidogo. Mahakama za shirikisho hutaka shahada katika nyanja kama haki jinai, kriminolojia, saikolojia, sosholojia, mahusiano ya binadamu, au utawala wa biashara na wa umma. Mawasiliano hayatajwi. Kaunti na majimbo hutofautiana, lakini matangazo mengi yana sentensi ya namna hiyo, yakimalizia na "au fani inayohusiana." Mtu mwenye shahada ya mawasiliano anaweza kubishana kwamba fani yake inahusiana. Anayechuja maombi 200 hana muda wa kubishana naye. Kwa lengo alilo nalo mwanafunzi huyu, basi, fani kuu iwe haki jinai, na mawasiliano yawe fani ndogo ya krediti 18. Angekuwa anataka kuwa msemaji wa polisi, au mtetezi wa waathirika katika ofisi ya mwendesha mashtaka, tungemshauri kinyume chake bila kusita.

Mawasiliano hayo si pambo. Afisa wa probesheni hutumia sehemu kubwa ya siku yake akiandika na kuhoji. Huandika ripoti ya kabla ya hukumu ambayo hakimu huisoma kabla ya kuamua mtu aende jela au abaki nje kwa masharti, na baadaye huitwa kizimbani kuitetea. Chukua sentensi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili huiandika bila wasiwasi:

"Kijana alikuwa amelewa na hakutaka kushirikiana."

Hapo kuna hukumu mbili na hakuna ushahidi hata mmoja. Wakili wa utetezi atauliza: ulimpima? Alikataa kwa maneno gani? Afisa aliyefundishwa kuandika angeweka hivi:

"Saa 3:40 usiku kijana alinifungulia mlango. Pumzi yake ilinuka pombe. Nilimuuliza mara mbili alikokuwa tangu saa 12 jioni. Mara zote mbili alitazama sakafu na hakujibu."

Toleo la pili ni refu zaidi, lakini kila neno lake linaweza kuapiwa. Halisemi alikuwa amelewa, na halisemi alikaidi. Huenda alikuwa na hofu, au hakuelewa swali, na msomaji ameachiwa nafasi ya kuliona hilo. Kazi hii hufundishwa vizuri zaidi katika darasa la uandishi wa habari, ambako mhariri hukata kila kivumishi kisicho na chanzo, kuliko katika madarasa mengi ya haki jinai, ambako mitihani mara nyingi ni ya kuchagua jibu.

Kwa hiyo fani yake ndogo isijazwe ovyo. Krediti 6 tayari anazo. Kwa 12 zilizobaki achukue usaili, uandishi wa habari, mawasiliano baina ya tamaduni, na hoja na ushawishi. Utengenezaji wa vipindi vya televisheni ni somo zuri, lina kamera na wanafunzi wanalifurahia, lakini halimpeleki anakokwenda na saa zake za maabara ya video zingegongana na zamu yake ya ghala.

Hesabu mpya ni hii: haki jinai 36, mawasiliano 12, takwimu na sayansi 7. Jumla 55. Lugha ya kigeni hatuiweki, na sababu itakuja. Ukijumlisha na 47 alizonazo unapata 102. Zinazopungua ni 18, na 12 kati ya hizo zinaweza kutoka kwenye mtihani wa lugha, kisha masomo mawili ya hiari, krediti 6, ndiyo yanayofikisha 120. Darasani atasoma krediti 61: mihula minne, masomo matano kila muhula, 15, 16, 15 na 15.

Hayo masomo mawili ya hiari yana mtego. Chuo kinadai angalau krediti 42 ziwe za ngazi ya juu, yaani masomo yenye namba za 300 na 400. Katika haki jinai atapata 27 za ngazi hiyo, katika mawasiliano 9. Hizo ni 36. Akijazia hiari kwa somo jepesi la mwaka wa kwanza ili apumue, atafika mwisho akiwa na krediti 120 kamili na bado akanyimwa cheti. Hili ni kosa la kawaida kabisa, na ripoti ya ukaguzi wa shahada inayotolewa kwenye mtandao wa chuo huliandika mstari wa chini, mahali watu hawashuki kusoma.

Mtego mkubwa zaidi ni mnyororo wa takwimu. Somo la mbinu za utafiti halichukuliwi kabla ya takwimu, na hufundishwa muhula wa Agosti tu. Semina ya mwisho haichukuliwi kabla ya mbinu za utafiti, na hufundishwa muhula wa Januari tu. Anaanza Agosti. Akifaulu takwimu muhula wa kwanza, mbinu za utafiti zinakuja Agosti inayofuata na semina Januari yake, anahitimu Mei. Akianguka, ana nafasi ya Januari na ya likizo ya kiangazi kurudia. Akifika Agosti ya pili bila takwimu, kuhitimu kunasogea mwaka mzima, hata kama masomo mengine yote yamekwisha. Na kufaulu hapa maana yake ni C. D inaweza kuhesabika kwenye krediti 120, lakini haifungui somo linalofuata.

Takwimu aliiacha kule chuo cha jamii kwa sababu aliichukua mtandaoni, toleo la kubanwa la wiki nane, huku akisoma biolojia na kufanya saa 30 ghalani. Hakuna aliyemwambia kwamba toleo la wiki nane lina kazi ile ile ya wiki 15. Safari hii aichukue darasani, wiki 15, muhula wa kwanza, na biolojia aisogeze Januari. Krediti moja ni saa moja ya darasani kwa wiki na mbili za kujisomea, hivyo krediti 15 ni saa 45 kwa wiki. Ukiongeza 30 za ghala unapata 75. Maji yamezidi unga. Ghala ishuke hadi saa 20, na hapo ndipo mazungumzo ya nyumbani yanakuwa magumu, kwa kuwa mshahara wake unasaidia kodi.

Pengo hilo lina njia mbili za kuzibwa. Ya kwanza ni kutopoteza ruzuku kizembe. Kiwango cha juu cha Pell mwaka wa masomo 2025–26 kilikuwa dola 7,395, karibu dola 3,697 kwa muhula, kwa anayesoma angalau krediti 12. Lakini huhesabiwa masomo yanayoingia kwenye shahada yake peke yake. Akijiandikisha krediti 12, na somo moja la 3 likawa haliingii popote, malipo yanapigwa kwa 9, yaani asilimia 75, na dola zaidi ya 900 zinayeyuka. Ndiyo maana fomu ya kubadili fani iwasilishwe kabla muhula haujaanza: mfumo wa ofisi ya fedha husoma fani iliyosajiliwa, haujui aliyoyakubaliana na mshauri kwa mdomo. Njia ya pili ni mkopo wa serikali wenye riba inayolipwa na serikali wakati anasoma. Kwa krediti 47 bado anahesabiwa wa mwaka wa pili, hivyo kikomo chake kwa mwaka ni dola 6,500, na sehemu yenye nafuu ya riba haizidi 4,500. Kopa pungufu ya hapo kama inawezekana. Mshahara wa kuanzia wa probesheni si mkubwa.

Ofisi ya fedha pia itamfuatilia kwa kipimo kingine: vyuo vingi hudai mwanafunzi awe amefaulu angalau asilimia 67 ya krediti alizojiandikisha, na asivuke krediti 180 kwa shahada ya 120. Zile 47 zilizopokelewa zinaingia kama zimejaribiwa na kufaulu zote, kwa hiyo anaanza vizuri. Kila W mpya, hata hivyo, inahesabika kama krediti iliyojaribiwa na kukosekana.

Mafunzo kwa vitendo yamo ndani ya zile 36 za haki jinai: krediti 3, saa 120, sawa na saa 8 kwa wiki kwa wiki 15. Yaangukie muhula wa nne, ofisi ya probesheni ya vijana, na maombi yaanze mwanzoni mwa muhula wa tatu. Ofisi za namna hii huchukua alama za vidole na kuchunguza historia ya mwombaji, uchunguzi unachukua wiki nyingi, na muhula haumsubiri mtu. Aulize mapema kuhusu uraia, maana nafasi za idara za shirikisho mara nyingi huudai.

Na uraia wenyewe una kisa chake hapa. Wazazi waliapishwa mwaka jana, na nyumbani wote wanaamini naye alipita nao. Sheria ya mwaka 2000 inampa mtoto uraia pamoja na mzazi iwapo tu bado hajatimiza miaka 18, ana grini kadi na anaishi chini ya malezi ya mzazi huyo. Wazazi walipoapa yeye alikuwa na miaka 20. Kwa hiyo bado ni mkaazi wa kudumu, na lazima ajaze fomu yake mwenyewe, N-400. Habari njema ni kwamba mkimbizi huhesabiwa ukaazi tangu siku aliyoingia nchini, si tangu grini kadi ilipotoka, kwa hiyo miaka mitano imeshatimia. Ajaze sasa, ili kiapo kitangulie maombi ya kazi. Kwenye maombi ya kazi za vyombo vya sheria, kujiandika raia wakati hujawa si kosa dogo la fomu. Linaweza kumfungia mlango wa uraia wenyewe.

Wapo wanaomshauri aachane na yote haya awe mkalimani wa mahakama, kwa kuwa Kiswahili anacho. Ni kipato kizuri cha pembeni, ila hakiendeshwi na shahada yoyote kati ya hizi mbili. Mtihani wa cheti wa mahakama za shirikisho hufanywa kwa Kihispania tu, wakalimani wa lugha nyingine hupimwa kwa vigezo vingine. Majimbo mengi huanza na mtihani wa maandishi wa Kiingereza wenye maswali 135, na ufaulu ni asilimia 80. Kuongea lugha mbili ni hatua ya kwanza tu.

Imebaki lugha ya kigeni. Kiswahili kina mtihani wa kuongea wa ACTFL, chama cha Marekani cha ufundishaji wa lugha za kigeni, mazungumzo ya chini ya nusu saa kwa simu, na kitengo cha lugha cha Chuo Kikuu cha New York (NYU) kina mtihani wa maandishi unaoweza kuleta hadi krediti 16 kwa chuo kinachoukubali. Kabla ya kulipia hata senti, amwandikie msajili kwa barua pepe maswali mawili: mnakubali mtihani upi, na je, mnatoa krediti au mnasamehe somo tu? Akisamehewa, hadaiwi tena lugha, lakini krediti 12 tulizozitegemea hazipo. Baadhi ya vyuo pia havitoi krediti kwa lugha mwanafunzi aliyozaliwa nayo. Na kwa sababu vyuo hudai krediti 30 za mwisho zipatikane hapo hapo chuoni, matokeo ya mtihani yaingie kwenye rekodi mwaka wa kwanza, yasingoje mwishoni.

Msajili akijibu kwamba Kiswahili ni msamaha tu, kuna Kifaransa. Shule za Wakongomani Nyarugusu hufuata mtaala wa Kongo, kwa hiyo amesoma kwa Kifaransa hadi miaka 15. Mtihani wa Kifaransa wa CLEP, mpango wa mitihani inayompa mtu krediti za chuo bila kukaa darasani, hugharimu takriban dola 100 pamoja na ada ndogo ya kituo, na mapendekezo yanayofuatwa na vyuo vingi ni krediti 6 kwa alama 50 na krediti 9 kwa alama 59. Akipata 59, zinapungua 3 tu, somo moja la kiangazi katika chuo cha jamii, baada ya kupata kibali cha maandishi kwamba litapokelewa. Akipata 50, ni masomo mawili, na kiangazi kilicho kati ya mwaka wa kwanza na wa pili kinayatosha, ilimradi takwimu isiwe imejitokeza tena kwenye ratiba hiyo.